Siku Ardis Alipoutaja Mwaka wa Mashine ya Mama Yake

Ukitaka kumjua Ardis Kjelstad, mtazame siku akiletewa mashine ya kukaushia nguo ambayo hajawahi kuiona. Hana haraka. Ataizunguka kama mnunuzi anavyomzunguka ng'ombe mnadani, ataufungua mlango na kuufunga tena akiusikiliza, atatia mkono ndani ya pipa na kupapasa matundu yake, kisha atapiga magoti atafute chujio linalonasa manyoya ya nguo liko wapi: juu, mlangoni, au chini kabisa kama droo ya kabati. Akisimama, mwaka anao. Atautaja, na ukiibandua karatasi iliyofunika kibao cha kiwandani, utaukuta mwaka huohuo. Kwenye mabonde yote ya ng'ombe wa maziwa kule magharibi mwa Wisconsin, watu walijivunia jambo hilo kana kwamba wao ndio waliomfundisha.

Ujuzi huo aliupata kwa kushika tochi. Mumewe, Verlyn, alikuwa fundi wa mashine za nyumbani, na Ardis alikuwa akipanda naye gari kwenda nyumba hadi nyumba, kushuka naye kwenye vyumba vya chini ya ardhi ambako watu wa kule hufulia, na kummulikia akiwa amelala chali chini ya mashine. Mwenye kushika tochi anaona kila kitu ila haulizwi chochote. Verlyn alipofariki, simu hazikukoma kulia. Watu hawakuuliza tena fundi yuko wapi. Walisema tu, Ardis, njoo.

Kila Septemba, wapenzi wa mashine hizo za zamani walikusanyika kwenye banda lake la matrekta. Walitoka Minnesota na Iowa, wengine mbali zaidi, wakizivuta mashine zao kwenye matela na kuzifunika mablanketi kama farasi wa mashindano. Kutwa nzima zilizungushwa zikiwa na mataulo yaliyolowa, na banda likanukia joto na sabuni. Alasiri ndiyo ilikuwa saa ya kuita mwaka. Mwenye mashine anafunika kibao chake kwa karatasi ya gundi, mwitaji anaikagua, anataja dalili zake mbele ya watu wote, mwisho anataja mwaka. Ardis ndiye alikuwa mwitaji, na hakuna aliyewahi kutaka kumpokonya kazi hiyo.

Lakini kulikuwa na mashine moja ambayo hakuwahi kuiita. Hiyo ilikuwa nyumbani kwa mama yake.

Mama yake, Borghild Tveten, alikuwa na miaka tisini na moja na bado aliishi peke yake kwenye shamba lao, mkono wake ukiwa na nguvu ya kukamua mbuzi kama angekuwa na mbuzi. Alikuwa na jambo moja la kujisifia, na watu wa kwao si wa kujisifu, kwa hiyo hilo moja alilitumia sana. Alisema yeye ndiye mwanamke wa kwanza bondeni pale kukausha nguo bila jua wala upepo, kabla hata Ardis hajazaliwa. Waliomsikiliza walikuwa wakijua ana maana gani. Kabla ya mashine, nguo za Januari zilianikwa nje zikaganda. Suruali za ndani za wanaume uliziondoa kwenye waya zikiwa zimekakamaa, ukazibeba kwapani kama mbao, na ukiziegemeza jikoni zilisimama zenyewe mpaka ziyeyuke. Nepi za watoto ndizo zilizokuwa msiba mkubwa. Mama yake alisema siku aliyotoa nepi ya kwanza kwenye pipa ikiwa na moto, aliishikilia shavuni na hakutaka kuiachia.

Aliyempinga alikuwa jirani yake, Phyllis Amundson, aliyeolewa shamba la upande wa pili wa kijito mwaka sabini na nane. Phyllis alidai kwamba wa kwanza alikuwa mama mkwe wake, marehemu Inga, na mashine ya Inga ilikuwa bado iko hai, inakausha kila wiki. Ubishi huo ulikuwa wa miaka na miaka. Ulikuwa ukifanyika kwenye ukumbi wa chini ya kanisa la Kilutheri baada ya ibada, juu ya vikombe vya kahawa, kwa upole mtupu. Phyllis angesema kumbukumbu za watu wazima zinasamehewa. Borghild angejibu kwamba anashukuru, maana yeye anakumbuka hata Phyllis alivyounguza keki ya harusi yake mwenyewe.

Mwaka huo Phyllis alichoka na upole. Jumapili moja ya Agosti aliweka kikombe mezani, akasema mbele ya wanawake wote kwamba yeye ataileta mashine ya Inga bandani kwa Ardis, na Borghild alete ya kwake, zifunikwe vibao zote mbili. Ardis aite. Atakayeshindwa asiliseme tena neno hilo maisha yake yote. Borghild akafuta makombo kwenye sketi yake, akasema sawa.

Ardis alikuwa hapo, ameshika birika la kahawa, akatamani mwitaji asiwe yeye.

Kwa sababu alikuwa anajua. Hakuwahi kuiita mashine ya mama yake, lakini mtu hawezi kuyafumba macho kila anaposhuka ngazi na kapu la nguo. Mlango wake ulikuwa na dirisha la kioo. Ukiufungua, taa inawaka ndani. Vitufe vyake vilikuwa kwenye ubao uliosimama nyuma kama ubao wa kichwani mwa kitanda. Mashine za miaka ile mama aliyoitaja hazikuwa hivyo hata kidogo. Tangu ajifunze kazi hii, macho ya Ardis yalikuwa yamejizoeza kuipita, kama unavyompita mtu unayemdai ukamwonea haya. Sasa angesimama mbele ya kanisa zima na wageni wa majimbo matatu, ama aseme uongo, ama alichukue lile neno moja la fahari la mama yake na kulivunja mbele yake.

Alikwenda kumwona. Alimkuta anamenya viazi mezani, akamwambia kwamba mwaka huu kuna mtu kutoka Iowa anayeweza kuita vizuri tu, na si lazima mtoto aite mashine ya mama yake, watu watasema kuna upendeleo. Borghild hakuinua macho kwenye kiazi.

"Umeshaiangalia, siyo?" akauliza.

Ardis akasema hajaiangalia, hasa.

"Basi uiangalie. Useme unachokiona. Sikukuzaa uje kunisemea uongo, mwanangu, uongo ningeusema mwenyewe."

Akampa kisu kingine, wakamaliza viazi. Ardis alirudi nyumbani akiwa hajatulia zaidi ya alivyokuja.

Siku yenyewe ilipofika, mashine ya Borghild ililetwa kwa trekta, na ya Phyllis ikaletwa na wanawe. Ziliwekwa bega kwa bega katikati ya banda, vibao vimefunikwa. Aliyesimamia shughuli alikuwa Duane Pribyl, dereva mstaafu wa malori ya maziwa, mwenye tumbo la kuegemeza sahani na mdomo usiopumzika. Aliwataka wenye shinikizo la damu wakae karibu na mlango. Aliuliza kama mchungaji yupo, ikitokea ngumi. Borghild alikuwa amepewa kiti cha mbele na kikombe cha kahawa. Phyllis alikataa kiti. Alisimama karibu na mashine yake, mkono juu yake, kama mtu aliyeleta ndama wake kwenye maonyesho.

Ardis alianza na ya mama yake, maana kidonge kichungu ni bora kitangulie. Aliizunguka. Akafungua mlango, taa ikawaka. Akapapasa pipa: la rangi iliyochomwa tanurini, laini kama bakuli. Akachungulia taa ndogo ya zambarau ile inayotoa harufu ya baada ya radi, iliyowekwa ili nguo zinukie kama zimekaa nje. Akatazama namna vitufe vilivyotaja aina za vitambaa, pamba na sufu na hariri ya bandia, na si dakika peke yake. Kisha akasimama wima, akageukia watu. Hakumtazama mama yake.

Alizitaja dalili moja moja, sauti ikiwa kavu. Kioo mlangoni. Ubao wa nyuma. Majina ya vitambaa.

"Elfu moja mia tisa hamsini na sita," akasema.

Duane alibandua karatasi, akakisoma kibao, akaitikia kwa kichwa tu. Miaka ya hamsini ilikuwa imeshafika ya sita, na Borghild siku zote alikuwa akisema nyuma ya hapo, kabla Ardis hajazaliwa, Ardis mwenyewe aliyezaliwa hamsini na mbili.

Phyllis hakupiga makofi, kwa hilo alisifiwa baadaye. Alisema tu kwa sauti ya kutosha kufika nyuma, "Mtu anazeeka, Borghild. Haina neno. Hata mimi siku hizi napoteza miwani ikiwa usoni."

Watu wakacheka kidogo, cheko la kuinamisha vichwa. Hapo ndipo Ardis alipojikaza akamtazama mama yake, akitarajia kumkuta amekunjamana. Hakumkuta hivyo. Borghild alikuwa anakunywa kahawa yake. Uso wake ulikuwa mtulivu kupita kiasi, mtulivu kama wa mtu aliyekaa juu ya kitu asichotaka kionekane. Ardis alikuwa ameutazama uso huo maisha yake yote, akajua kwamba hapa kuna jambo.

Akaiendea ya Phyllis.

Hii ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilikuwa sanduku refu, zito, jeupe, bila dirisha na bila ubao wa nyuma. Kitasa chake kilikuwa cha chuma cha kumiminwa, kama vitasa vya majokofu ya zamani, unakivuta kinalia *klak*. Kitufe kilikuwa kimoja, usoni pake, kina dakika tu na hakina jina la kitambaa. Pipa lilikuwa la bati lililotobolewa matundu mengi kama chekecheke, na chujio la manyoya lilikuwa chini kabisa, droo ya kuvuta. Ardis akapiga magoti. Kwa dakika ile alisahau kwamba kuna watu. Mashine hii ilikuwa imetoka kiwandani kwenye mji mmoja wa kando ya ziwa muda mfupi baada ya vita, viwanda viliporuhusiwa kurudi kutengeneza vitu vya nyumbani, na ilikuwa imetunzwa kwa namna iliyomfanya atake kuivulia kofia. Phyllis siku zote alisema ni ya hamsini na moja. Haikuwa ya hamsini na moja. Ilikuwa ya nyuma zaidi.

Kisha akauona mlango.

Ulikuwa unafunguka kinyume. Bawaba zilikuwa kulia na kitasa kushoto, na Ardis alijua kwamba kampuni iliyoitengeneza, miaka ile, haikutengeneza hata mlango mmoja wa namna hiyo. Akapitisha kidole upande wa kushoto wa fremu, pale bawaba zilipopaswa kuwa. Palikuwa na rangi. Chini ya rangi, kidole kikakutana na vivimbe vidogo, mduara mmoja chini ya mwingine. Matundu ya skrubu yaliyozibwa kwa lehemu. Na aliyeziba hakuipiga tupa lehemu mpaka ikalala sawa, aliiacha na kichuguu kidogo katikati.

Ardis alikijua kichuguu hicho. Kilikuwa kwenye kila ndoo ya maziwa aliyokulia nayo. Baba yake, Selmer, alipoziba tundu alikuwa akikataa kulisawazisha, akisema lehemu ikilala sana inasahau kazi yake.

Alibaki amepiga magoti muda mrefu, mpaka Duane akauliza kama ameanza kusali.

"Phyllis," Ardis akasema bila kuinuka. "Kwenu kuna mtu wa mkono wa kushoto?"

Phyllis akasema hakuna, na swali gani hilo. Na kama ni ule mlango, hata yeye unamkera. Tangu aolewe amekuwa akiufungua kama anajikwepa mwenyewe. Alikuwa akimwomba Inga wamwite fundi augeuze, Inga akikataa katakata.

Ardis akainua kichwa. Mama yake alikuwa ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto, mkono uleule aliomenyea viazi, mkono ambao mwalimu wake wa shule aliupiga rula mpaka akachoka na usibadilike. Akageuka kuitazama mashine ya hamsini na sita pembeni yake. Hiyo nayo kitasa chake kilikuwa kushoto. Kufikia miaka hiyo kiwanda kilikuwa kimeanza kukubali kukuwekea mlango upande uutakao.

Akasimama. Akasema mwaka kwanza, kwa sababu huo ndio utaratibu: elfu moja mia tisa arobaini na nane. Kelele zikapanda. Phyllis akashika mdomo, maana alikuwa ameshinda kwa miaka mitatu zaidi ya aliyoiomba. Wanawe wakapigana mabega. Duane akabandua karatasi, akakisoma kibao, akatangaza kwamba ni kweli.

Ardis akangoja kelele zipoe. Kisha akaenda mpaka kwenye kiti cha mama yake, akachuchumaa, akamuuliza polepole, ila banda lote lilisikia.

"Mama, ile mashine ya Phyllis, mlango wake aliugeuza nani?"

"Sijui kitu mimi," Borghild akasema.

"Baba aliugeuza."

"Baba yako aligeuza vitu vingi. Aliwahi kugeuza trekta ndani ya mtaro."

Watu wakacheka tena, lakini Phyllis hakucheka. Alikuwa amesogea mbele hatua moja, na uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtu anayesikia kitu chumba cha pili. Akasema, bila kumlenga yeyote, kwamba Inga alikuwa na msemo wake. Kila alipomkuta Phyllis anamaliza kufua alimwambia aifute ile mashine vizuri, ni kitu cha watu. Miaka yote hiyo Phyllis alidhani ni dini. Alidhani Inga ana maana kwamba vyote tulivyo navyo ni vya Mungu, tunatunza tu.

"Kitu cha watu," akarudia. Halafu akamgeukia Borghild. "Cha watu gani?"

Borghild alikiweka kikombe chini. Alipoanza kusema, alisema kama anayetolewa jino. Ulikuwa msimu wa baridi wa hamsini na sita. Ghala la akina Amundson liliungua lote, ng'ombe na majani, na Inga alikuwa na mapacha wachanga, Harlan na nduguye. Watu wa bonde walikwenda kusaidia, na Inga alikuwa akiwarudishia. Mkate ulirudi. Maziwa yalirudi. Alikuwa mwanamke ambaye ukimpa sindano anakuletea uzi. Nepi za mapacha zilikuwa zimesimama kwenye waya kama safu ya bati, na mikono ya Inga ilikuwa imepasuka.

"Sasa mtu kama huyo utampaje?" Borghild akauliza. "Humpi. Nikamwambia Selmer aninunulie mashine mpya. Akalalamika kwamba iliyopo nzima. Nikamwambia ndiyo, ni nzima, nunua. Ilipokuja, nikaenda kwa Inga, nikamwambia chumba changu kimejaa, sina pa kuiweka ile ya zamani, je, aniwekee. Akanitazama. Alijua, na nilijua anajua. Akasema atanitunzia."

"Na hukuwahi kusema," Phyllis akasema.

"Nimwambie nani? Kitu hujakitoa, umekiweka tu. Cha kusema hapo kiko wapi?"

Ardis alikuwa bado amechuchumaa. Hakuwahi kufikiri kwamba miaka yote ile ya kubishana juu ya kahawa, mama yake alikuwa akipigana mkono mmoja umefungwa, na ameufunga mwenyewe. Angeweza kummaliza Phyllis kwa sentensi moja siku yoyote aliyotaka. Badala yake alikuwa akimrudishia maneno ya keki iliyoungua.

Mume wa Phyllis, Harlan, mmoja wa wale mapacha, mzee sasa, alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango. Alitoka nje taratibu, akasimama akiyatazama mahindi. Hakuna aliyemfuata, na hilo lilikuwa jambo la adabu.

Phyllis alivuta pumzi. Alikuwa mwanamke mwenye kiburi, lakini kiburi chake hakikuwa cha wizi. "Haya," akasema. "Basi ni yako. Nikuletee nyumbani?"

"Nitaiweka wapi?" Borghild akasema. "Si unaona nina nyingine?"

Hapo banda lilivunjika kwa vicheko. Duane alicheka mpaka akajishikiza kwenye nguzo, na Phyllis mwenyewe akacheka akijifuta macho kwa kona ya aproni. Akasema vizuri, ataendelea kumwekea, ila ule mlango ataugeuza, maana yeye hana mkono wa kushoto na Mungu ni shahidi. Borghild akamjibu asithubutu kugusa kitu cha watu.

Kulikuwa na jambo moja limebaki. Kwa utaratibu wao, mashine ikishaitwa mwaka, mwitaji hutaja na mwenyewe wa kwanza kama anajulikana, na maneno hayo ndiyo watu huyabeba mpaka makwao. Duane alijipanga, akaunyoosha mgongo kama askari, akauliza kwa sauti ya kazi mashine hii ni ya mwaka gani, na mwenyewe wa kwanza ni nani.

Ardis akainuka. Aliweka kiganja chake juu ya bati lile jeupe, ambalo wanawake wawili walikuwa wamelifuta kila wiki kwa miaka hamsini na kitu wakiamini si lao. Hakuwa na haja ya kutafuta maneno.

"Arobaini na nane," akasema. "Ya Borghild Tveten, wa kwanza bondeni hapa. Hajaiuza mpaka leo."

Mama yake alitikisa kichwa kama anayesema mambo haya yote ni makubwa mno kwa kitu kidogo, lakini alikuwa ameketi wima kwa namna ambayo Ardis hakuwa ameiona tangu msiba wa baba yake. Wageni wa Iowa walisogea kuupapasa ule mlango na vile vichuguu vya lehemu, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akitaka kidole chake kipite pale. Phyllis aliwaacha kidogo. Kisha akawaambia kwamba mataulo yamekauka zamani, na kama wamemaliza kushangaa, waje wakunje.